Vijisanamu vya mazimwi na mashujaa vya miaka ya 80: huu unga mweupe ni nini, na je nivipake rangi upya?

#1 Kijana_wa_Shanty
Wakuu salama? Naenda moja kwa moja. Nipo Moshi kwa wazazi, tunapunguza vitu stoo maana mzee anataka nafasi ya mashine yake ya kumenyea kahawa, na nyuma ya makreti ya soda nimekuta vile vijisanamu vya chuma tulivyochezea mimi na bro mwishoni mwa miaka ya 80. Kwa wasiovijua, ni vitu vya sentimita mbili na nusu, tatu hivi, mazimwi, mbilikimo wenye mashoka, wachawi na fimbo zao, viunzi vya mifupa vimeshika panga, na joka moja lenye mabawa. Jirani yetu alikuwa daktari kutoka Uingereza, mkataba wake ulipoisha familia ikaondoka, mtoto wao akatuachia vyote. Sisi tukavipaka rangi ya geti iliyobaki, rangi ya baiskeli, na rangi za kucha za dada.

Sasa maswali. La kwanza, baadhi vimeota unga mweupe, hasa chini ya miguu pale ambapo hatukupaka rangi. Vilivyokuwa kwenye boksi la mbao ndivyo vingi, ila na kwenye lile bati la bluu la biskuti kuna viwili vinao. Ni nini hiki? La pili, nataka nivipake rangi upya vizuri, kwa utu uzima sasa. Je nitoe ile rangi yetu ya utotoni au niiache? Hili la pili linaniuma kweli, nimekaa navyo mezani tangu jana siwezi kuamua.

#2 ChugaOriginal
Siti ya mbele kabisa. Picha mkuu, bila picha hatuendi.

#3 Kijana_wa_Shanty
Nimeweka nne hapo juu. Angalia yule mbilikimo wa tatu, miguu yake kama ameweka chokaa.

#4 RauMadukani
Aisee hiyo mimi naijua, hilo ni vumbi la Lengai. 2007 ule mlima ulipolipuka, kumbukeni na yale matetemeko ya Julai, watu walikimbia nje ya maofisi. Ile lava ya Ol Doinyo Lengai siyo ya kawaida, ni ya magadi, inatoka nyeusi halafu ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Vumbi lake likiingia stoo likakaa miaka si ndiyo unga huo.

#5 ChugaOriginal
Lava ya magadi naam, hilo kweli kabisa na duniani ni mlima pekee unaotoa hiyo siku hizi. Lakini mkuu, Lengai mpaka Shanty Town ya Moshi? Waliopata tabu ya majivu ni wafugaji wa karibu na mlima, Engare Sero na kule upande wa Natron. Na kama ni vumbi mbona makreti ya soda hayana?

#6 RauMadukani
Makreti yanahamishwa kila wiki, sanamu zimekaa pale pale. Upepo haujui mipaka ya wilaya.

#7 mwl_Tengeru
Nafundisha kemia, ngojeni niweke neno. Vijisanamu vya enzi hizo vilikuwa mchanganyiko wa madini ya risasi na bati, na antimoni kidogo ili viwe vigumu na vishike maumbo madogo. Risasi ina adui mmoja mkubwa, mvuke wa asidi ya siki. Mbao nyingi zinatoa huo mvuke kidogo kidogo, plaiwudi na zile mbao za kubandikwa kwa gundi ndiyo zaidi, maboksi ya karatasi nayo yanatoa. Ukifungia risasi humo pamoja na unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani, unapata risasi kaboneti, unga mweupe. Kibaya ni kwamba ile asidi haiishi, ikishakula inaachiliwa inakula tena, kwa hiyo kikianza hakisimami chenyewe. Ndiyo maana boksi la mbao lina wengi. Na ndiyo maana pale penye rangi pamepona, rangi imezuia hewa.

#8 Kijana_wa_Shanty
Mwalimu asante sana. Sasa wale wawili wa kwenye bati?

#9 mwl_Tengeru
Huenda walikaa kwanza kwenye boksi, mkawahamisha baadaye mkiwa watoto. Ugonjwa wakauhama nao.

#10 Mdau_Kilombero
Mimi nilisoma kitu tofauti, kuna ugonjwa wa bati, bati likipata baridi linageuka unga. Na Moshi Julai ni baridi ile ya kutoka mlimani.

#11 mwl_Tengeru
Upo huo ugonjwa, ila angalia masharti yake. Bati linaanza kubadilika chini ya nyuzi 13 hivi, na hata hapo linahitaji baridi kali ya muda mrefu na bati liwe karibu safi. Likichanganywa na risasi au antimoni linazuilika. Halafu unga wa bati ni wa kijivu. Huu kwenye picha ni mweupe.

#12 Mdau_Kilombero
Kwenye simu yangu unaonekana wa kijivu mwalimu, nasema ninachokiona.

#13 mama_Njiro
Jamani kabla hamjaendelea na baridi na milima, mmesikia alichosema mwalimu? RISASI. Huo unga ni sumu. Kijana tafadhali usiupulize, usiupige mswaki ukiwa mkavu, usiviweke meza mnayolia chakula, na watoto wasishike kabisa. Nina mtoto wa miaka kumi na miwili anapaka sanamu za plastiki, nimemkataza hata kulamba ncha ya brashi maana ndiyo tabia ya wapakaji wote. Vaa glovu, lowesha kwanza, futa na tishu yenye maji, tishu tupa, osha mikono na sabuni. Madhara ya risasi kwa watoto ni ya akili na hayarudi nyuma.

#14 Kijana_wa_Shanty
Asante dada, nimeshavitoa mezani. Mama mwenyewe aliniambia hivyo hivyo asubuhi bila kujua kemia yoyote.

#15 BabuMarangu
Nimesoma yote. Mwanangu, mlikuwa mnachezea wapi hao watu wenu?

#16 Kijana_wa_Shanty
Shikamoo mzee. Nyuma ya nyumba, kwenye mfereji. Ule mfereji ulikuwa mto wa vita, mazimwi upande wa migomba, mbilikimo upande wa kisima.

#17 BabuMarangu
Marahaba. Basi hapo umejijibu. Maji ya mfereji yana udongo na chumvi za mlimani, mkavitoa vikiwa vimelowa mkavirudisha kwenye boksi. Birika la chai likichemsha maji ya huku miaka miwili lina ukoko mweupe ndani. Na ukoko umekaa chini ya miguu, ndiko maji yanakotuama. Hiyo asidi ya mbao siikatai, lakini nimekaa na masanduku ya mbao miaka yote na vyuma vyangu vizima.

#18 mwl_Tengeru
Mzee vyuma vyako ni chuma, siyo risasi. Ila la ukoko wa maji linaweza kuwa kweli kwa baadhi, siwezi kulikataa bila kupima. Njia rahisi: futa unga sehemu moja kwa tishu mbichi. Chini yake pakiwa laini, huenda ni ukoko au vumbi. Pakiwa na vishimo kama palipoliwa, hiyo ni risasi imeoza.

#19 Kijana_wa_Shanty
Nimefanya sasa hivi na glovu. Mbilikimo wa tatu ana vishimo, kidole cha mguu hakipo kabisa. Wale wawili wa kwenye bati chini pako laini.

#20 BabuMarangu
Eeh.

#21 RauMadukani
Wawili ni Lengai.

#22 ChugaOriginal
Hahaha Rau haachii. Mkuu wa #10 yeye bado yuko kwenye friji.

#23 Mdau_Kilombero
Nipo, nasubiri mtu aeleze kwa nini hao wawili tu.

#24 Mchagga_Leeds
Salamu kutoka baridini. Huku hizi sanamu watu wanazitafuta kweli kweli, kwa hiyo kabla hujagusa kitu chochote angalia chini yake au kwenye ule ubapa unaoingia kwenye kibao cha plastiki. Mara nyingi kuna jina la kampuni na mwaka. Citadel ni ya Uingereza, ilianzishwa Newark mwishoni mwa miaka ya 70 na Bryan Ansell akishirikiana na Games Workshop, kampuni ya michezo ya mezani ya huku. Ral Partha ni ya Cincinnati, Marekani, wao wameanza 1975. Grenadier nao Wamarekani. Zile zenye kitako cha chuma kilichoungana na miguu ni za zamani zaidi, zile za kuchomeka kwenye kibao cha plastiki chenye mfereji Citadel walianza nazo katikati ya miaka ya 80. Nilienda Nottingham makao makuu ya Games Workshop, kuna maonyesho yao, nikasimama kwenye kabati moja muda mrefu mpaka mwenzangu akaenda kunywa chai akarudi. Ukiona mkono wa mtu aliyechonga kile kitu kwa kidole na sindano, uso wa zimwi mdogo kuliko punje ya hindi na bado anacheka, unaheshimu.

#25 DogoSakina
Bro Games Workshop si ndiyo walianzisha hii michezo yote ya mezani ya mazimwi na mashujaa? Kaka yangu alisema hivyo.

#26 Mchagga_Leeds
Hapana dogo. Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, Marekani, 1974, Gary Gygax na Dave Arneson. Games Workshop walianza London 1975, mwanzoni wakiuza michezo ya watu wengine na hiyo D&D wakawa ndio wanaiingiza Uingereza. Mchezo wao wenyewe, Warhammer, ulitoka 1983. Halafu 1989 wakatoa HeroQuest pamoja na Milton Bradley, hiyo ilikuwa ya plastiki, ndiyo iliyowafikia watoto wengi majumbani.

#27 Kijana_wa_Shanty
Nimeangalia. Mazimwi wengi wana Citadel na 1985. Viunzi vya mifupa viwili vina RP. Joka halina kitu chochote. Kwa hiyo zimwi wangu ametengenezwa 1985?

#28 Mchagga_Leeds
Mwaka ule ni wa mchongo na haki zake, siyo wa kumimina. Ukungu ule ule wa mpira, yaani kalibu ya kumiminia, waliendelea kuutumia miaka baadaye. Wanaweka madini yaliyoyeyushwa kwenye ukungu wa mpira unaozunguka kwa kasi, yanasukumwa mpaka kwenye vidole. Ule mstari mwembamba unaouona ubavuni ni pale nusu mbili za ukungu zilipokutana, uukwangue kabla ya rangi, lakini kwa kisu polepole na pakiwa pamelowa, siyo msasa mkavu. Na kitu kingine, risasi iliachwa na wengi miaka ya 90. 1993 kulikuwa na wasiwasi wa sheria kule New York, Ral Partha wakaja na mchanganyiko wao bila risasi wakauita Ralidium. Hizo zako za 80 ni risasi, mama_Njiro yuko sahihi.

#29 fundi_TingaArusha
Nimeitwa na mtu DM niangalie huu uzi. Mimi nachora tingatinga, nauza kwa watalii hapa mjini. Ndugu yangu, umesema mlipaka rangi ya baiskeli. Unajua Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza na hizo hizo, rangi ya mafuta ya baiskeli kwenye hadibodi, Dar, mwishoni mwa miaka ya 60? Alikufa 1972 na sisi mpaka leo tunakula kwa rangi hiyo. Kwa hiyo usiidharau ile rangi yenu, ni rangi yenye heshima. Nimekuza picha ya yule mchawi mwekundu. Aliyempaka alizungushia mstari mweusi kwenye joho, hakufundishwa na mtu, na mstari haukutetemeka. Huyo usimwoshe.

#30 Kijana_wa_Shanty
Huyo alipakwa na bro. Fundi umenigusa sana hapo.

#31 DogoSakina
Mi naona toeni yote mpake upya. Rangi ya geti imejaza mpaka macho, sura hazionekani, na mchongaji alichonga ili zionekane. Sisi Sakina tupo washkaji wachache tunapaka, mmoja ana printa ya resini anaprinti mwenyewe, na ninachoshangaa hizi za zamani zina uhai kuliko za kompyuta. Kuacha rangi nene juu ya kazi ya hivyo mi naona ni kumnyima mchongaji haki yake.

#32 fundi_TingaArusha
Dogo mchongaji ana ukungu wake na nakala nyingi duniani. Mtoto aliyempaka yule mchawi ana nakala moja tu.

#33 DogoSakina
Sawa fundi ila mazimwi ya kijani ya geti je? Ishirini wote wamefanana.

#34 Kijana_wa_Shanty
Hao nakubali. Sasa rangi inatokaje bila kuharibu? Kuna mtu kaniambia siki.

#35 mwl_Tengeru
SIKI USITIE. Ndiyo asidi ile ile niliyoieleza #7. Itatoa unga leo, itakuachia chumvi ya risasi inayoyeyuka, ambayo ni sumu zaidi, na itapanda mbegu ya kuoza upya. Limau vilevile sipendekezi. Na usivigandishe kwa ile silikoni ya mafundi wa aluminiamu inayonuka siki, nayo inatoa mvuke huo huo ikikauka.

#36 Mchagga_Leeds
Huku wengi tunatumia Dettol, ile ya kahawia ya chupa, haijachanganywa na maji. Unavizamisha kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, unaacha usiku kucha, rangi ya mafuta na ya maji zote zinalegea. Siri moja: unaposugua na mswaki, suuza kwanza kwa Dettol ile ile. Ukikimbilia maji mapema rangi inageuka ulimbo, inashikana na sanamu na mswaki na mikono. Ikishatoka yote ndiyo maji na sabuni. Asetoni nayo inafanya kazi kwenye chuma, ila ikigusa plastiki imekwisha, kwa hiyo kama una za HeroQuest ziweke mbali.

#37 gereji_Kwamrombo
Oili ya breki inatoa rangi yoyote, tunaona kwenye magari kila siku. Ikidondokea bodi tu rangi inavimba.

#38 mama_Njiro
Inatoa na ngozi. Mwenye Dettol ameshasema, duka lolote la mangi ipo, ya nini kuhangaika na breki.

#39 gereji_Kwamrombo
Nimetaja tu kwamba inafanya kazi dada.

#40 fundi_TingaArusha
Kwenye kupaka sasa. Usipake kwa kiu. Andakoti kwanza, spreya ya gari ya kijivu au nyeusi inatosha, puliza ukiwa mbali na siku isiyo na unyevu, siyo masika. Rangi iwe nyepesi, tabaka mbili nyembamba, ya kwanza itakuonyesha chuma bado, usiogope, acha ikauke. Kwenye tingatinga tunapiga ardhi ya picha kwanza, mnyama juu yake, mistari mwisho. Huku naona ni hivyo hivyo, mwili kwanza, nguo, vyuma, macho mwisho kabisa. Macho tumia kijiti cha meno ulichokichonga. Ukitumia rangi ya mafuta utasubiri sana ikauke, ya akriliki ni ya maji na inakauka ukiwa unaiangalia.

#41 DogoSakina
Halafu ukimaliza rangi za msingi, chukua nyeusi au kahawia ifanye maji maji, mwagia, itaingia kwenye mikunjo yote. Ikikauka chukua brashi karibu iwe kavu kabisa na rangi nyepesi kidogo, pitisha juu juu, inashika vichwa vya mikunjo tu. Hizo hatua mbili tu zimwi linaamka.

#42 bro_wa_Mwanza
Nimetumiwa huu uzi na dada. Kwanza asanteni wote. Pili, Kijana, yule mchawi mwekundu ni wangu na mtu asimguse, fundi wa #29 Mungu akubariki. Tatu, hao wawili wa kwenye bati hawakuwahi kukaa kwenye boksi la mbao. Mimi ndiye niliyewaficha humo tukiwa wadogo ili usiwatumie vitani, na niliwapaka poda ya mtoto ili wasishikane. Poda ya dada mdogo.

#43 ChugaOriginal
POOOODA. Mwalimu, babu, Rau, mjitokeze.

#44 mwl_Tengeru
Poda ya talki haili chuma, ndiyo, na pangebaki laini. Inaingia akilini. Lakini poda haing'ang'anii miaka yote hiyo bila unyevu, kwa hiyo sifungi mjadala.

#45 BabuMarangu
Poda na maji ya mfereji ndiyo hung'ang'ania. Tuko pamoja mwalimu.

#46 RauMadukani
Na vumbi.

#47 Kijana_wa_Shanty
Bro kumbe! Nilivitafuta hivyo viunzi vya mifupa mpaka nikalia na ukanisaidia kutafuta. Sawa. Nimeamua hivi: mazimwi ya kijani yanaingia Dettol leo, mbilikimo wa vishimo nasafisha kwa maji na sabuni napaka varnishi haraka nione kama atapona, mchawi anabaki kama alivyo. Boksi la mbao nimelitoa, vyote vinaingia kwenye vyombo vya plastiki.

#48 mwl_Tengeru
Chombo cha plastiki kisafi sawa, weka na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu. Mwenye vishimo muweke peke yake, umwangalie kila mwezi.

#49 bro_wa_Mwanza
Na joka? Joka nililipaka mimi bawa la kushoto, wewe la kulia. Ukilipaka upya niachie la kushoto nije Disemba.

#50 Kijana_wa_Shanty
La kushoto nililipaka mimi, uliza mama.

#51 bro_wa_Mwanza
Mama tayari nimempigia. Anasema alilipaka dada.

#52 mpya_Usariver
Samahani kuingilia, mimi nina za plastiki nilizonunua mitumba Memorial, nani anajua Arusha nitapata wapi brashi namba sifuri yenye ncha inayokaa?

#53 fundi_TingaArusha
Njoo Jumamosi, zangu naagiza Dar na nina za ziada. Usinunue zile za pakiti za shule, nywele zinabaki kwenye rangi.